Kadi ya Arobaini na Saba

Mwanamke nisiyemjua aliingia bila hodi saa nane mchana, mwavuli wake ukichuruzika sakafuni, akauliza, "Droo ya herufi R ni ipi?"

Ofisi yetu ya kamusi haikuwa na wageni. Tangu Babu Kadi afariki, miezi mitatu iliyopita, tulibaki wawili, mimi na Bosi. Babu Kadi ndiye aliyenifundisha kazi: kila maana ya neno la Kiingereza ina kadi yake, na kila kadi ina mfano wa Kiswahili uliotoka kinywani mwa mtu. Kutunga ni mwiko. Aliyeusikia mfano huo husaini nyuma. Neno "run" peke yake lilikuwa na kadi tisini: mtu anakimbia, kamasi zinatoka, nguo mpya inachuja rangi, mwanasiasa anagombea. Ya arobaini na saba, ya injini kuwaka, ilikuwa tupu. Babu Kadi aliandika juu yake kwa penseli: *Asubiriwe.*

"Niahidi utamsubiri," aliniambia wiki yake ya mwisho. Nikaahidi, bila kujua ni nani.

Tangu tumzike, kila mchana nilisikia gari likiunguruma chini ya dirisha. Nikichungulia, uani hakuna kitu.

"Hiyo njaa, Digrii. Nenda kale," Bosi alinitania, kwa jina alilonibandika kwa sababu ya cheti changu cha chuo. Lakini siku moja nilimkuta naye akichungulia.

Juzi, kiwanda cha uchapaji kilipotubana, nilitunga mfano wa injini mwenyewe, nikauweka ukurasani na saini yangu, kadi ikabaki tupu, kurasa zikashuka chini kwa mpiga chapa. Tangu hapo muungurumo haukukoma hata nilipofunga dirisha.

"Mimi ni binti yake," mgeni alisema, akinionyesha bahasha yenye mwandiko wa Babu Kadi. "Barua yake imenizungukia mpaka jana ndiyo imenifikia. Anasema kuna sentensi yangu hapa."

Nikampa kadi tupu. Aliishika kwa mikono miwili.

"Nilikuwa na miaka sita. Alimwambia dereva, 'Usizime gari, sikawii.' Akaingia ndani, akachukua sanduku, akanishika kichwa, akaondoka. Hakurudi tena. Sura yake niliisahau. Ile injini, hapana." Akanitazama. "Mbona sentensi hiyo hakuiandika mwenyewe?"

"Msemaji hajiandikii, dada. Mpaka aliyesikia aiandike."

Akacheka kidogo, huku akijifuta macho. Kisha akaandika, akasaini.

Bosi alikuwa amesimama mlangoni. "Ukurasa huo uko mtamboni, Digrii. Ukiutoa, itabidi niwaeleze wakubwa kwamba ulitunga. Na barua yako ya ajira wao ndio wa kuisaini."

"Najua, Bosi."

"Mfano mmoja, mwanangu! Nani atajua?"

"Nilimwahidi."

Hakunizuia. Alinipisha mlangoni tu.

Nilishuka ngazi, kadi nimeificha ndani ya shati isilowe. Uani muungurumo ulikuwa karibu kabisa, kama gari linanisubiri mimi. Nikapita bila kugeuka, mpaka kwa mpiga chapa.

"Simamisha," nikamwambia. "Huu mfano niliutunga mimi. Utoe, weka huu."

"Unajua unachokifanya, kijana?"

"Najua."

Akabonyeza swichi. Mtambo ukapunguza mwendo, ukatulia. Nikasubiri ule muungurumo mwingine. Kulikuwa na mvua tu.