Sekunde Arobaini Mbele ya Kamati

Zenaida Yescas hakuwa na kompyuta mpya, hakuwa na mume wa kumsaidia kinuni, hakuwa na kiti cha kukalia uwanjani, wala cheti cha kuonyesha kwamba anajua kupiga video. Betri ya kompyuta yake ilikuwa imekufa tangu mwaka juzi. Kamera haikuwa yake. Muda ndio hasa hakuwa nao, maana mwanamke anayesaga mahindi ya kijiji kizima kuanzia alfajiri hana saa za kuchezea. Woga pia hakuwa nao, lakini hilo kamati ilikuja kulijua baadaye.

Jezi za timu yetu ya wasichana ya mpira wa kikapu zilinunuliwa na watu wa kijiji chetu, Yaladú, walioko Los Angeles, na wao walitaka kitu kimoja tu: kuona mechi. Mwanzoni kila mechi ilimla Zenaida, mpiga video wetu, siku nne. Alitazama video nzima upya akitafuta kikapu cha binti wa fulani, huku foleni ya ndoo za mahindi ikifika barabarani. Na wenzetu wa huko, wanaofua mashuka ya hoteli na kuosha vyombo, hawakuwa na nafasi ya kutazama saa nzima ya mpira. "Tuma fupi," walisema, "na utume leo."

Mimi ndiye mwandishi wa timu mezani. Naandika kila pointi, jina la aliyeifunga na dakika yake. Siku moja Zenaida alisimama nyuma yangu akaangalia karatasi.

"Mjomba, mbona wewe unajua kila kitu kilitokea saa ngapi, na mimi niliye na kamera sijui?"

"Kwa sababu mimi naandika kinapotokea. Wewe unasubiri kisahaulike, halafu unakitafuta."

Mechi iliyofuata alikuja na daftari la shule, penseli ameifunga kwa uzi kwenye mguu wa kamera. Duara lilikuwa kikapu, msalaba faulo, mstari ni kelele iliyoharibu sauti. Kando ya kila alama aliandika saa aliyoisoma kwenye mkono wangu. Jioni hakutafuta tena kitu. Alikwenda moja kwa moja kwenye dakika, akakata, akatuma. Siku nne zikawa robo saa. Mahindi yalisagika na video zikafika.

Jambo moja tu alilazimika kukumbuka. Kila mwezi wa nne serikali huamuru saa zisogezwe mbele kwa saa moja. Mkutano wa kijiji chetu ulikataa amri hiyo zamani, na saa yangu hufuata saa ya Mungu kama kijiji kizima. Lakini kamera ilikuwa ya shule ya sekondari, na shule ni ya serikali, kwa hiyo kamera ilitangulia kwa saa moja. Zenaida alijumlisha moja, basi.

Mwezi wa tano tulikwenda kwenye mashindano ya sikukuu ya kijiji cha San Telmo, vijiji vinane, zawadi fahali mchanga mwenye utepe mwekundu, amefungwa kando ya uwanja. Nusu fainali tulipangiwa wenyeji wenyewe. Sekunde za mwisho walikuwa mbele kwa pointi moja. Odilia, nahodha wetu, alirusha mpira kutoka mbali, honi ikalia mpira ukiwa hewani, mpira ukaingia. Mpira uliotoka mkononi kabla ya honi huhesabika, lakini refa akapunga mikono: haihesabiki.

"Nendeni mkasage mahindi!" watu wa San Telmo walipiga kelele. "Na fahali mtamwona kwenye video!"

Odilia aliketi sakafuni akalia kwa hasira. Zenaida alifunga kamera na kunyanyua daftari.

Kanuni za mashindano zilibandikwa ukutani: malalamiko yaletwe kwa maandishi, yakiwa na ushahidi usiozidi dakika moja, ndani ya dakika tisini baada ya honi ya mwisho. Nadhani aliyeandika hivyo aliamini hakuna mtu wa milimani anayeweza kukata video ndani ya dakika tisini. Zenaida alichomeka waya wa kompyuta kwenye kibanda cha mama muuza tejate, kinywaji chetu cha mahindi na kakao, akafungua ukurasa wa mwisho wa daftari. Duara, saa tano na dakika ishirini na mbili. Akajumlisha moja. Bakuli langu la tejate halijaisha, alikuwa na sekunde kumi na nane: mkono wa Odilia, mpira hewani, ndipo honi. Hata kipofu angeisikia.

Mwenyekiti wa kamati, Don Heladio, mwenyeji wa San Telmo, aliipokea kwa upole wa mtu mwenye jibu tayari. Aliitazama mara mbili, kisha akavuta karatasi yangu.

"Hii video ni ya mechi ipi?"

"Ya leo, Don Heladio," alisema Zenaida. "Wewe mwenyewe unaonekana pale unakula embe."

"Mimi nakula embe kila siku. Video imeandikwa saa sita na dakika ishirini na mbili. Karatasi ya mzee huyu inasema saa tano na ishirini na mbili. Saa nzima katikati! Siwezi kupokea."

"Karatasi ni saa ya Mungu. Kamera ni saa ya serikali. Unalijua hilo vizuri."

"Kamati inajua saa moja tu." Akasogeza kalamu mbele yake. "Lakini mimi si mtu mbaya. Andika hapa: karatasi ya Yaladú ina makosa, saa yao ni mbovu. Tia sahihi, video napokea sasa hivi. Kosa la mzee wa shule ya jioni, nani atamlaumu?"

Shule ya jioni nilimaliza nikiwa na miaka arobaini na moja, na sijawahi kuandika dakika ambayo sikuiona.

Odilia alimshika Zenaida mkono. "Shangazi, tia tu sahihi. Sisi tunataka kucheza."

"Na mimi nataka mcheze. Sikiliza, binti. Nikisema karatasi ina makosa, pointi zenu zote ziko kwenye karatasi hiyohiyo. Kesho atasema nini? Atasema karatasi yenye makosa haina pointi." Akamgeukia mwenyekiti. "Si hivyo, Don?"

Don Heladio alicheka kidogo, akaangalia saa yake ya mkononi. "Zimebaki dakika thelathini na tano, mama wa kinu."

Tulirudi kibandani. Mimi nilikuwa tayari kukubali wanicheke, wasichana wacheze, nilimwambia hivyo.

"Mjomba, usinitukane," alisema Zenaida, huku akipekua daftari kwa kidole chenye unga. Kidole kikasimama kwenye mstari mmoja mrefu, saa tano kamili. "Hapa nililaani. Kengele ilinifunikia filimbi ya refa."

Aliifungua dakika hiyo. Juu ya picha kamera imeandika saa sita. Nyuma ya uwanja, mnara wa kanisa la San Telmo, na kengele yao inagonga. Tulihesabu pamoja, wasichana wakihesabu kwa sauti: mapigo kumi na moja, la kumi na mbili halikuja. Saa tano. Mtunza kanisa wao naye hajawahi kumsikiliza mtu wa serikali.

Mama muuza tejate alipiga paja. "Haya! Sasa wakamkamate padri!"

Sekunde ishirini na mbili za kengele, kumi na nane za mpira. Arobaini kwa jumla. Video ya mechi nzima isingepita kwenye mtandao wa sikukuu, simu mia tano zinagombania mnara mmoja wa simu, lakini sekunde arobaini zilipita. Odilia alizituma kwa manahodha wa timu nyingine sita. Hatukuomba kitu. Tulisema tu: tazameni, kisha sikilizeni.

Nilianza kuandika, Zenaida akisema na mimi nikichagua maneno. Sikuchagua mengi, yake yalitosha:

"Kwa Kamati. Kikapu cha mwisho kilirushwa kabla ya honi. Karatasi yetu haina kosa na hatutasema inalo. Kama saa yetu ni mbovu, anzeni kwa kuteremsha kengele yenu. Kesho timu ya Yaladú itaingia uwanjani kwa fainali, kwa saa ya Mungu. Asiyekubali aje atutoe."

"Hapo mwisho si kali sana?" niliuliza.

"Ongeza 'kwa heshima'."

Niliongeza. Nilikuwa bado natoa muhuri wa kijiji mkobani mwangu walipofika wazee wa timu nne, kila mmoja na mkoba wake, maana hakuna kijiji kinachosafiri bila muhuri wake. Mzee wa Tecolá, ambao walikuwa wameshaingia fainali, aliisoma barua amesimama.

"Binti zangu hawachezi fainali na mtu aliyeshindwa," alisema. "Nipeni wino."

Mihuri mitano, ya vijiji vitano kati ya vinane, iligongwa chini ya barua, ya mwisho ikiwa imepinda kwa sababu nafasi ilikuwa imekwisha. Zenaida aliitia barua kwenye bahasha pamoja na kadi ya kumbukumbu yenye sekunde arobaini. Gundi hatukuwa nayo. Alichota donge la unga wa mahindi kibandani, akalipaka kwenye ukingo wa bahasha na kuubana kwa kiganja mpaka ukashika. Zilikuwa zimebaki dakika tisa. Odilia akaichukua, akavuka uwanja katikati, jezi ikiwa bado imelowa jasho, akaiweka mkononi mwa Don Heladio.