Bi Ratiba Aomba Nyongeza

Bi Ratiba alikuwa mkuu wa maandalizi ya sherehe kwenye kampuni yao, mwanamke wa kufokea wapambaji na mafundi wa maspika bila kupepesa jicho. Lakini kuomba nyongeza ya mshahara, weee! Akiingia tu kwa bosi ulimi unaganda, anaishia kuuliza kama feni inafanya kazi.

Jumatatu akaamua kufanya kile anachokijua. Bosi kufungua mlango wa ofisi yake, akakuta maputo, zulia jekundu, wafanyakazi wote wameketi, na mshereheshaji kashika maiki.

"Mgeni rasmi huyooo! Makofi jamani! Sasa anatutangazia mshahara mpya wa Bi Ratiba!"

Bosi hajawahi kukataa maiki tangu azaliwe. Akakohoa, akashukuru kamati, akasifu maputo. "Kuhusu mshahara, tutaangalia."

"Mgeni rasmi haangalii, bosi, anatangaza," mshereheshaji akamkata. "Watu wanataka keki."

Ofisi nzima ikaangua kicheko. Bosi jasho likamtiririka. "Haya basi, naongeza nusu!"

Vigelegele mpaka dirisha likatikisika. Bosi akamwinamia Bi Ratiba. "Na haya mapambo yote, dada, analipa nani?"

Leo ulimi haukuganda. "Mgeni rasmi, bosi."