Pingili ya Tatu

Mbele yenu wasomaji, na mbele ya matroni wa bweni letu, nakiri kosa: mimi ndiye niliyechonga trilobiti wa sabuni.

Mama yangu hufanya kazi makumbusho, chumba cha nyuma, kwenye visukuku, viumbe wa kale waliogeuka mawe. Huchambua trilobiti wadogo kama punje ya dengu, wanyama wa baharini waliotoweka kabla mamba hajaota meno. Macho hawana. Kichwa na mkia vinafanana kama pacha, na katikati pana pingili mbili tu. Zikiwa tatu, huyo si wa kundi hilo, atafutiwe ukoo wake.

Mimi nina macho mawili, na Siku za Wazazi tatu ambazo mama hakutokea. Kila mara ujumbe ule ule: "Nisamehe mwanangu, kuna sinia la mawe halijaisha." Bwenini wakasema mama yangu mwenyewe ni jiwe. Nikacheka kuwashinda wote. Kazi ngumu, ile.

Basi likizoni nikachukua sabuni ya kufulia na sindano, nikachonga mmoja, nikampaka tope na kumpa pingili tatu. Siku moja nilipomfuata mama kazini, nikamlaza kwenye sinia lake, katikati ya wenzake. Nilitaka mama anitazame kwa hadubini, hata bila kujua kuwa ni mimi.

Siku ya Wazazi ya nne, wageni walikuwa wameanza kuondoka. Nimekalia ndoo karibu na lango, najifanya nahesabu magari. Mara mama huyo, na koti lake jeupe la kazini.

"Njoo hapa, jambazi!"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Pingili tatu?"

"Kumbe ulizihesabu."

"Siku mbili nzima! Nimeandika kurasa nne. Nikamwita mkuu wangu aje aone maajabu. Mzee wa watu akadondosha tone la maji, asafishe. Likatoa povu!"

Nikajitia uso wa msibani, ukagoma. Tukacheka hadi mlinzi akageuka. Kisha mama akafuta machozi ya kicheko.

"Si ungenipigia simu tu?"

"Nilipiga. Ulikuwa kwenye sinia."

Alinishika kichwa kwa mikono miwili, akanitazama kwa karibu, polepole, kama anavyotazama vile vijiwe.

Kengele ikalia. Nikamwomba sabuni yangu.

"Thubutu. Ina namba ya makumbusho sasa, na nafasi kwenye droo yangu."

Akaondoka nayo mfukoni. Nilibaki langoni mpaka vumbi la gari likatua. Lakini kila asubuhi akivuta ile droo, nami nimo.