Nyota Yenye Mita

Mimi simwamini mtu anayekuja na mkoba mwembamba na kuondoka na mkoba uliovimba. Kwa hiyo Profesa nilimtilia shaka tangu Jumamosi ya kwanza. Chuo kikuu hajawahi kufundisha. Ni fundi miwani mstaafu, na jina hilo alipewa mtaani kwa kupenda ubishi. Alikuwa akifika saa kumi kamili, anajifungia na baba chumba cha mbele, na kila nikiingia na chai sauti zinashuka.

"Wanazungumza nini mle?" nilimuuliza mama.

"Nyota," alisema, macho kwenye ungo wa mchele. "Mwache baba yako apumue. Wewe kila mtu kwako mwizi."

Sikubisha, ndivyo nilivyo. Baba aliongoza mitambo ya kituo cha kupoza umeme karibu maisha yake yote, na mimi ni fundi umeme kituo hichohicho. Kazi yetu haimpendi mtu mwepesi wa kuamini.

Kwa kutega sikio nikaipata nadharia yao. Vitabu vya shule vinasema nyota huzaliwa gesi na vumbi vinapovutana kwa uzito wake. Wawili hawa hawataki hata kusikia. Kwao, anga yote imepitiwa na mikondo ya umeme. Mikondo miwili ikienda sambamba huvutana, hujisokota, hukamua vumbi lililo katikati kama mtu anavyokamua nguo, mpaka linawaka. Hiyo ndiyo nyota. Na umeme uliozoea njia ndefu hautaki kusimamishwa ghafla. Ukikatwa mahali pamoja, nguvu ya njia nzima humiminikia palepale. Hapo ndipo nyota hupasuka.

Mimi niliona ni porojo tamu tu. Hofu yangu ilikuwa nyingine: Profesa anamchota baba akili, na siku moja makala itatoka na jina moja, na halitakuwa la baba.

Alhamisi baba aliniletea daftari. "Mwanangu, mkono wako umetulia. Nichoree upya hii michoro. Keshokutwa Profesa anaipeleka kwa mhariri."

Nilifungua nikitafuta mwandiko wa Profesa. Sikuukuta. Nilikuta ukurasa wa tisa, kifo cha nyota, na hapo nikaiweka kalamu chini. Mchoro ulikuwa na laini mbili za umeme, swichi kuu ndani ya jengo, swichi ya mkono uwanjani, na waya wa kwenda ardhini. Angani kuna ardhi gani? Chini yake baba alikuwa ameandika: "Nyota haijilipui yenyewe. Njia hukatwa mita ikiwa bado inasoma, baada ya aliye mbali kusema tayari."

Uwanja ule naupita kila siku. Ndipo alipofia mjomba, kaka pekee wa mama, miaka kumi na tisa iliyopita. Aliivuta swichi ya mkono umeme ukiwa bado unapita, moto ukaruka hewani ukamla. Utaratibu wetu hauna mjadala: aliye ndani anaangalia mita mpaka isome sifuri, anasema kwa simu, wa uwanjani anarudia maneno yaleyale, ndipo anashika mkono wa swichi. Ripoti ilisema mjomba hakusubiri simu. Aliyekuwa ndani siku ile ni baba. Mama aliiamini ripoti, akabaki na uchungu wa dada ambaye kaka yake alijiua mwenyewe kwa uzembe.

Ijumaa kazini nilitoa ramani ya zamani ya kituo nikailinganisha na daftari. Vilifanana mpaka idadi ya nguzo.

Jumamosi niliingia chumba cha mbele bila chai.

"Ukurasa wa tisa si nyota," nilisema. "Ni laini ya pili pale kituoni."

"Ni mfano tu, binti yangu," Profesa alidakia. "Mzee alitafuta kitu anachokijua."

Nilimkazia macho nikaona hajui lolote. Miezi yote nilimfikiria mwizi, kumbe maskini alipenda nyota tu. Niliona aibu, na aibu ile ikanipandisha hasira zaidi.

Baba alilifunga daftari. "Niliangalia mita ya laini ya kwanza," alisema. "Mita hiyo na ya laini ya pili zilikaa jirani. Ilisoma sifuri, nikamwambia tayari. Akarudia neno kwa neno."

"Na ripoti?"

"Waliniuliza kama nilimpa ruhusa. Nikasema hapana."

"Sasa nyota zinahusu nini, baba?"

"Nilitaka kuliandika mahali ambapo hakuna watu."

Nilitaka kumshika mkono na nilitaka kumpigia kelele, vyote kwa wakati mmoja. Nilichosema ni hiki tu: "Mama yuko jikoni. Nenda."

Akaenda. Profesa alikusanya vitu vyake taratibu, akaliacha daftari mezani, akatoka bila kuaga. Kupitia ukutani nilisikia sauti ya baba, ndefu, na mchele ukiacha kupepetwa.

"Alirudia?" mama aliuliza.

"Alirudia."

"Maneno yote?"

"Yote."

Nilingoja kilio, au kitu kuvunjika. Badala yake mama alikuja mwenyewe mpaka mlangoni, na hakuwa akimtafuta baba. Alinitazama mimi, kwa jicho ambalo nalijua vizuri kwa sababu ni langu.

"Wewe umejua lini?"

"Alhamisi." Nilianza kueleza kwamba ilinibidi nihakikishe kwanza, kwamba nilikwenda kulinganisha na ramani ya kazini, kwamba jambo kama hili haliropokwi.

"Jana jioni," alinikata, "mdogo wako alimwaga maziwa. Nikamwambia ana papara kama marehemu mjomba wake. Ulikuwa umekaa pale."

"Mama..."

"Ukacheka."

Kweli nilikuwa nimecheka.