Folda Aliyoifunga Jacktone

Kabla klaudi, ile hifadhi ya faili mtandaoni, haijaingia studio ya Madam Marcella pale Migori, Jacktone alikuwa mtu wa maana sana kule Homa Bay. Studio ikimaliza kupiga video ya mazishi au harusi, yeye ndiye aliyeifunga diski kwenye kitambaa kama mtoto mchanga na kuipeleka kwa Lorine, mhariri wa video, aliyefanyia kazi nyumbani kwa mama yake, Min Lorine, upande wa ziwani. Na video za mazishi ni nzito, wacha mchezo. Mchungaji mmoja tu akishika maikrofoni, faili lake linamshinda ng'ombe kwa kilo. Kuzihamisha hadi kwenye kompyuta ya Lorine kulikula mchana mzima, na mchana huo mzima Jacktone alikuwa kwenye kochi, anakula samaki wa Min Lorine na kumchekesha Lorine huku mstari wa kijani ukijikokota kwenye skrini. Ni yeye aliyewahimiza wapiga picha waweke kamera kwenye ubora wa juu kabisa. Madam alidhani kijana anapenda kazi.

Lakini neno lenyewe, kwamba anampenda, hakuwa amelisema. Kila safari alijiambia, bado kidogo, wacha kwanza nipate faili kubwa zaidi.

Halafu akajiharibia kwa mdomo wake mwenyewe. Siku moja Madam alilalamika juu ya diski iliyoanguka njiani pale Rongo na kuharibu video ya harusi ya watu. Jacktone, ambaye hawezi kuona swali likipita bila kulisimamisha, akasema, "Madam, siku hizi watu hawabebi. Faili zinawekwa klaudi. Huyu anapakia Migori, yule anachukua Homa Bay, na hakuna mtu ananyanyuka kwa kiti."

"Na wewe unaweza kuipanga?"

"Hiyo ni kitu ndogo."

Akafungua akaunti kwa jina lake, akatengeneza folda, akawapa ruhusa Lorine na Frankline, mpiga picha mpya. Madam akampongeza mbele ya wateja. Ni katikati ya makofi ndipo akili ilipomfikia: hakuna mtu ananyanyuka kwa kiti, na yeye pia ni mtu.

Tangu hapo alikaa Migori akiitazama folda kwenye simu kama mtu anayechungulia sherehe ya jirani kupitia ua. Kando ya kila faili kuna mahali pa kuandika maoni. Pamewekwa kwa ajili ya kazi. Lakini Frankline aliandika, "Hapa shangazi wa marehemu anaanguka tena na tena. Chagua anguko moja." Lorine akajibu, "Tumia la kwanza. Hilo lingine alitafuta nyasi laini kwanza." Akafuatisha safu nzima ya nyuso za kucheka.

Jacktone alirudi nyuma kwenye jumbe zake zote na Lorine. Uso mmoja hapa, mmoja pale. Safu nzima hakuna.

Na kule juu ya folda, ukifungua, unaona viduara vya waliomo ndani. F na L vimekaa bega kwa bega. J yake imekaa pembeni kama mtu aliyekuja arusini bila kadi. "Ni kazi tu," alijiambia. Kisha akafungua tena kuona kama bado wamo. Walikuwemo. Chai yake ikapoa.

Wiki hiyo mzee mmoja wa Macalder alizikwa Alhamisi, mazishi makubwa, kamera ya Frankline haikupumzika. Watoto wa marehemu walioko ng'ambo walitaka video Jumapili, bila kisingizio. Sasa Lorine ni Msabato. Ijumaa jua likigusa maji, kompyuta inafungwa, na hata kama ni rais amezikwa itafunguliwa Jumamosi jua likizama. Kwa hiyo faili zote zilipaswa kumfikia Ijumaa mchana.

Ijumaa asubuhi Frankline akaanza kupakia. Jacktone, akiwa chumbani kwake, akafungua folda, akabonyeza jina la Frankline, akabonyeza "Ondoa".

Hesabu yake ilikuwa safi. Klaudi ikigoma, watarudi kwa diski. Diski ina mbebaji wake, anajulikana. Na leo, kabla jua halijazama, yule mbebaji angesema lile neno. Akachomeka pasi.

Simu ikalia.

"Omera, ndugu yangu, folda imenikataa," Frankline alisema. "Inasema sina ruhusa."

"Pengine ni mtandao. Kule juu kumechafuka."

"Juu wapi? Hapa jua linachoma mpaka mende."

"Si hapa, omera. Kule faili zinakaa. Ngoja nicheki."

Hakucheki. Alipiga pasi kola. Simu ikatetemeka: Frankline anaomba ruhusa. Akapiga pasi mkono wa kulia. Frankline anaomba ruhusa. Akapaka viatu rangi. Frankline anaomba ruhusa. Jacktone akatabasamu kama askari wa getini aliyemkuta mkubwa amesahau kitambulisho. "Omba," alisema. "Omba vizuri."

Akafika studio ananukia, shati limesimama lenyewe. Madam Marcella alikuwa anafuta lenzi.

"Eh! Jacktone, unaenda kuchumbia?"

"Naenda kazi, Madam. Nimesikia klaudi imesumbua. Leta hiyo diski niikimbize Homa Bay."

"Frankline alishaibeba. Hata chai hakungoja. Kijana amesema faili za watu haziwezi kulala Migori kwa sababu ya mtandao wako." Akamtazama juu hadi chini. "Lakini umependeza. Kaa hapa mbele, wateja wakuone."

Jacktone alitoka nje, akamrudishia Frankline ruhusa, kisha akampigia.

"Omera! Folda imefunguka! Rudi upakie!"

"Nishapita Rongo, bro. Halafu Lorine amesema mamake ameshaweka samaki kwa moto. Nikirudi sasa si itakuwa aibu?"

"Samaki wa nani?"

"Wangu."

Mchana ule ulikuwa mrefu kuliko mazishi yenyewe. Jacktone alikaa mbele kama alivyoagizwa, wateja wakamwona. Yeye, kichwani, aliwaona wengine. Aliliona kochi. Aliuona mstari wa kijani ukijikokota, na alijua hauwezi kuharakishwa, maana ubora wa juu kabisa aliuamuru mwenyewe. Kila hotuba ya kule Macalder, kila kwaya, kila mjomba aliyeomba "dakika mbili tu", sasa ilikuwa inamwongezea Frankline muda wa kukaa pale. Akafungua folda. Kiduara cha L hakikuwemo. Cha F hakikuwemo. J peke yake, na ruhusa yote ya dunia.

Jua lilipoelekea kuzama hakuvumilia tena. Akampigia Lorine. Simu ikapokelewa na mama yake.

"Jack wuoda, mwanangu! Lorine anafunga kompyuta, Sabato imefika. Faili zimeingia zote, usijali."

"Na Frankline, Mama? Ameshapata gari?"

"Gari la kwenda wapi? Hakuna mwingine anajua majina ya hao watu wa Macalder ya kuandika kwenye video. Kesho jua likizama watamalizia pamoja. Atalala kwa Elkana, mjomba wa Lorine, asubuhi twende naye kanisani."

Jacktone akailegeza ile kola aliyoipiga pasi. Yeye ni Mkatoliki, na miaka yote ile ya diski hakuna aliyewahi kumwambia alale.

"Na ni vizuri umepiga," Min Lorine akashusha sauti. "Nataka kukuuliza, na Lorine asijue. Huyu Frankline ni mtu wa wapi? Watu wao unawajua? Nakuuliza wewe kwa sababu wewe ni kama mtoto wa hapa ndani."

"Ni... wa Sori, Mama. Kwao ni wavuvi."

"Tabia?"

Jacktone alitafuta. Alipekua kichwa chote, kona kwa kona. Pombe, hapana. Wanawake, hapana. Kijana hata hutukana kwa adabu. Mwishowe akaokota kitu.

"Anakoroma, Mama. Tulilala naye chumba kimoja tukiwa kwa harusi Isebania. Anakoroma kama injini ya boti!"

Min Lorine alicheka mpaka akakohoa.

"Baba yake Lorine alikoroma hivyo hivyo, wuoda. Tangu atuache mimi sipati usingizi. Kwa hivyo ubaya wake ni huo tu?"

Uongo ulikuwa karibu, angenyoosha tu mkono.

"Ni huo tu, Mama."

"Ero kamano, asante sana. Umenitua mzigo. Sasa wacha niwapakulie, wameshanawa mikono."