Nakala Ishirini za Kuno

Saa tatu asubuhi, Jumanne, Mungania alipakua wino mweusi kwa kisu, akauweka kwenye kioo na kuusambaza kwa rola mpaka ukaanza kulia kama kitu kinachokaangwa. Karakana yake ya kuchapa picha iko kando ya barabara ya Gotu. Wasanii huja na mbao walizochonga, yeye huwachapia kwa mashine yake ya chuma, na kazi ikiwa mbaya huwaambia usoni. Siku hiyo msanii alikuwa Qabale wa Kinna. Ubao wake ulikuwa na watu wawili: mwanawe Kuno akinywesha ngamia, na nyuma yake mtu mwenye bunduki. Kuno alizikwa Machi.

Mungania alilaza karatasi, akazungusha gurudumu. Bunduki ya kwenye ubao ililia mara tatu. Kuno akaanguka mlangoni, shingo imefumuka, damu ikaruka mpaka kwenye rafu ya karatasi safi. Hilo lilimuudhi Mungania, maana karatasi ile hutoka mbali. Alibandua nakala, akaona wino umekaa vizuri, akaitundika kwenye kamba. Kisha akamwaga maranda ya mbao sakafuni na kupiga deki.

Alipoanza kupaka wino tena, Kuno aliinuka, akanawa shingo kwenye ndoo.

"Salaam aleikum, aayo."

"Aleikum salaam, mwanangu. Kaa, chai iko," mamake akasema.

Kupaka ubao wino sawasawa ni dakika kumi. Kwa dakika kumi mama na mwana walikunywa chai, wakaulizana ngamia gani amezaa na msichana gani ameolewa. Halafu karatasi, gurudumu, risasi tatu. Nakala ya pili. Ya tatu. Kufika ya saba Qabale akasema, "Mungania, hiyo rola inakimbilia wapi? Polepole bwana." Dakika kumi zikawa ishirini.

Nakala ya kumi na moja ilileta sajini wa polisi, aliyekuwa amesikia milio. Qabale nusura amkumbatie. Tangu Machi alikuwa anangoja mtu wa serikali aje kuuliza.

"Nani alikupiga?" sajini alimuuliza Kuno.

"Ni Tairi, yule mlinzi wa kisima. Alisema ngamia zangu zimeruka laini ya maji."

Sajini aliandika yote. "Kitambulisho?"

"Iko kwa chifu. Ilirudishwa nikizikwa."

"Ah. Basi hii siwezi. Mtu bila kitambulisho nitasema ni nani?" Alichana ule ukurasa, akaukunja na kuutia mfukoni.

"Afande, hapo umesimama kuna damu inakuja," Mungania akamwambia, akazungusha gurudumu. Sajini alichelewa kuhama. Aliomba kitambaa, akafuta buti zake taratibu, akasifu picha. Alisema Tairi ametoka vilevile alivyo, na asubuhi walikuwa wamekunywa chai pamoja. Akaenda zake. Mungania alitamani kumtupia rola kichwani, lakini ilikuwa na wino.

Saa sita duka la Nairobi lililoagiza nakala ishirini lilipiga simu kutaka nakala arobaini zaidi. Desturi ya kazi hii ni kwamba nakala ya mwisho ikitoka, ubao hukatwa kwa patasi kutoka pembe hadi pembe, asije mtu akachapa nyingine.

"Usikate," Qabale akasema, uso umemchangamka. Mungania akafurahi naye.

Ni kabla ya nakala ya ishirini ndipo Kuno alipoacha chai yake ipoe.

"Aayo, inauma."

"Bado? Si umezoea?"

"Kila mara ni kama ile ya kwanza. Sikutaka kukwambia."

Qabale alimshika mkono mpaka rola ikamaliza, na hata Mungania alipoanza kuzungusha gurudumu hakuuachilia. Risasi zilipolia, damu ya mwanawe ilimrukia kifuani. Mungania alipoinua rola, Qabale alimwambia, "Weka chini." Akachukua patasi, akaukata ubao akilia kwa sauti, kupitia uso wa Tairi na kushuka mpaka shingo ya mwanawe.

Desturi inataka pia nakala moja ya ubao uliokatwa, ya kuhifadhiwa. Mungania alipaka wino polepole kuliko siku zote. Qabale alitazama mlangoni. Hakuinuka mtu; hata damu ilikuwa imekauka.

Gurudumu lilipozunguka, bunduki ililia mara tatu kama kawaida, na risasi zikatoboa tangi la maji huko nje. Kwenye karatasi walikuwapo ngamia, lakini Kuno wa kuwanywesha hakuwapo. Tairi alikuwa mzima, bunduki juu, usoni hana hata mkwaruzo.

"Na huyu?" Qabale akauliza. "Si nilimkata?"

Mungania alipitisha kidole gumba kwenye ubao. Mkato ulikuwa umezama kabisa.

"Ulimkata, mama Kuno. Ni yeye hakatiki."

Qabale alitafuta penseli, akaitia nakala ile sahihi yake.