Bwana Shamba Ndani ya Ngoro

Jumanne ya tarehe 12 Machi 2024, saa nne na dakika ishirini asubuhi, bwana shamba Edmund alitumbukia kwenye ngoro.

Ngoro ilikuwa ya Vitalia, kwenye mteremko wa nyuma ya kijiji cha Mapera. Jumamosi kaka yake alilaza nyasi katika miraba, kazi ya wanaume. Jumatatu Vitalia alichimba udongo katikati ya kila mraba na kuzifunika zile nyasi, kazi ya wanawake. Kinachobaki ni shimo la kukinga maji, limezungukwa na kingo laini. Usiku mvua ikanyesha. Mtoto wa chekechea wa Mapera anajua kwamba ukingo mpya haukanyagwi. Edmund, mzaliwa wa tambarare za Dodoma, alipanda juu ya ukingo na kuwahutubia wakulima arobaini na mmoja.

“Mnachimba makaburi,” alisema. “Mnayazika mahindi yenu wenyewe. Tuchore matuta ya kisasa, yaliyonyooka, kwa ka—”

Ukingo ulikatika, akakaa kitako majini. Ikasikika sauti ya mwanamke, tulivu, isiyo na haraka:

“Bwana shamba, tusalimie marehemu huko.”

Sauti ilikuwa ya Vitalia. Aliyerekodi ni jirani yake Walburga, na aliyemtuma arekodi ni Edmund mwenyewe, kwa ajili ya ripoti, simu yake ikiwa imeisha chaji.

Kufikia saa sita video ilikuwa kwenye kundi la WhatsApp la kwaya, ambalo wakati wa Kwaresima lilitengwa kwa ratiba ya Njia ya Msalaba. Kila mmoja aliandika kwanza “Jamani tusimcheke,” kisha akaisambaza. Kufikia Ijumaa video ilikuwa imetazamwa mara laki sita.

Vitalia ni katibu wa kikundi cha wakulima, na huandika milimita za mvua kwenye daftari. Alisoma maoni moja baada ya jingine akitafuta sababu. Dar es Salaam walicheka wakidhani lile ni kaburi kweli. Wasomi walicheka ili ijulikane kwamba wao si wasomi wa namna ile. Watumishi wa serikali walicheka kuliko wote, tena saa za kazi. Mapera walicheka kwa sababu kwa miaka mitatu walikuwa wakiitikia “ndiyo, bwana shamba” kwa kila neno lake, na sasa udongo ulikuwa umejibu kwa niaba yao. Video ya Edmund kuhusu kutu ya majani ya kahawa, yenye maelezo sahihi kabisa, ilikuwa imetazamwa mara thelathini na nane. Mara tano kati ya hizo ni Vitalia, ambaye kahawa yake ilikuwa na kutu.

Mdogo wake, Agripina, alipiga simu kutoka Ngumbo, anakouza dagaa ufukweni.

“Dada, huku sauti yako inauza! Mteja akitaja bei ya ajabu, tunamwambia atusalimie marehemu.”

“Nyamaza. Usitaje jina langu kwa mtu.”

“Nimtajie nani? Nimemwambia William wa boti tu.”

“Na William?”

“William hasemi. Labda kwa abiria.”

Jumatatu Edmund alibandika tangazo kwenye ofisi ya kijiji. Miche elfu nne ya kahawa inayostahimili kutu haitagawiwa mpaka mwenye sauti apatikane; naye akipatikana, jina lake litafutwa kwenye orodha. Vitalia aliandikiwa miche mia mbili na arobaini. Bila hiyo angengoja mvua za mwaka unaofuata, na kahawa yake isingengoja. Akinyamaza, kijiji kizima kingekosa. Jumatano alienda mkutanoni na maungamo yake yameandikwa kwenye karatasi, mfukoni.

Lakini Edmund alikuja na mbinu ya kisayansi. Wanawake wote ishirini na sita waliokuwepo siku ile wangeitamka sentensi ile mbele yake, mmoja mmoja, naye angelinganisha na video.

Wa kwanza alikuwa bibi Kunigunda.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mwanangu. Niseme kwa nguvu?”

“Kawaida tu.”

“Bwana shamba, tusalimie marehemu huko.”

“Siyo wewe. Anayefuata.”

“Haijakaa vizuri, mwanangu. Ngoja nirudie.”

Alirudia mara mbili. Aliyefuata aliiimba kwa sauti ya kwanza. Mwingine aliitoa kama litania, na wanaume waliokuwa mlangoni wakaitikia. Mwenyekiti wa kijiji, mzee Protasi, aliangalia mabati ya paa kwa muda mrefu kuliko mabati yanavyostahili. Walburga alikuwa ameegemea dirisha, simu mkononi.

Vitalia alikuwa wa kumi na tisa. Aliitamka kama alivyoitamka siku ile. Edmund alichezesha video, akasikiliza, akairudisha nyuma.

“Inakaribia. Ila yule alikuwa na dharau. Wewe huna. Anayefuata.”

“Bwana shamba, ni mimi.”

“Mama, usijitoe mhanga kwa ajili ya wenzako. Nimesema anayefuata.”

Alimaliza wote ishirini na sita bila kumpata. Hadi saa tatu asubuhi ya Alhamisi video ya mkutano ilikuwa imetazamwa mara milioni moja na laki mbili. Saa tatu na robo simu ya Edmund iliita nje ya ofisi ya kijiji. Alisema “ndiyo, bosi” mara tisa, Vitalia alihesabu.

Saa nne na nusu alianza kugawa miche. Kwenye miche ya Vitalia alikagua mizizi ya mche mmoja mmoja, akatupa miche mitatu iliyooza na kumbadilishia. Kisha alikwenda naye shambani kumwonyesha vipimo vya mashimo ya kupandia. Njia ya kwenda kwenye kahawa ilipita kwenye ngoro zile zile. Edmund alisimama.

“Nipite wapi, mama?”

Vitalia alitangulia, naye akafuata nyayo zake. Walburga alirekodi dakika nne nzima, pamoja na somo la upandaji. Hakuna aliyeanguka. Hadi Jumamosi jioni video hiyo ilikuwa imetazamwa mara kumi na nne.